Jakuzi la nyumbani linavuja: tupime kwanza, ndipo tubomoe

Mkazi wa Njiro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Nawaomba mafundi na wenye uzoefu tusaidiane katika suala la jakuzi la nyumbani linalovuja. Maelezo mengi yaliyopo kwa Kiswahili yanahusu mabwawa ya kuogelea na matangi, ilhali jakuzi ni mtambo wa namna yake: pampu, hita, kadi ya umeme na mabomba chungu nzima vimefungiwa ndani ya kasha moja, kisha sehemu kubwa ya mabomba hayo imezikwa katika povu gumu la kuhifadhi joto, kiasi kwamba mtu hawezi kuona kinachoendelea.

Jakuzi lenyewe lipo uani, Njiro, Arusha. Bakuli lake ni la akriliki, linakaa watu watano na linachukua lita 1,200 hivi. Lilinunuliwa likiwa limetumika, kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama nchini. Lilitengenezwa Marekani kwa ajili ya soko la Ulaya, kwa hiyo linatumia umeme wa volti 230 na hezi 50 kama wetu, na kwa upande huo halijawahi kusumbua.

Tatizo limejitokeza msimu huu wa baridi. Maji yanapungua usiku hata kifuniko kikiwa kimefungwa vizuri, na asubuhi zege la mbele ya mlango wa pampu linakuwa limelowa. Uso wa maji una ukubwa wa takriban mita 3 za mraba, kwa hiyo kila sentimita moja inayopungua ni lita 30. Linapungua sentimita 3 kwa usiku, yaani lita 90.

Fundi wa kwanza aliutazama unyevu ule akasema pampu imekufa, inunuliwe mpya. Wa pili alisema zege limetitia na bakuli limepasuka kwa chini, kwa hiyo jakuzi linyanyuliwe lote. Bei zao zimepishana mno, ila walikubaliana katika jambo moja, kwamba hakuna haja ya kupima. Hapo ndipo nilipoona nilete suala hili kwenu.

Bomba Refu

Mleta uzi, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu. Kazi yangu ni mabomba ya mabwawa na majakuzi, hasa ya hoteli na nyumba za wageni, na nakushukuru kwa kueleza jambo lako kwa vipimo.

Unyevu wa mbele ya mlango wa pampu haumtii hatiani yeyote. Majakuzi mengi yana sinia ya plastiki chini ya kasha, na tone likidondoka popote juu ya sinia hiyo hutambaa kuelekea upande ulioinama, ambao kwa kawaida ndio huohuo wa mlango, kwa sababu anayejenga zege hutaka maji yaishie pale yatakapoonekana. Povu nalo hunyonya maji, likayasafirisha mbali na tundu lenyewe, kisha likayaachia mahali pengine kabisa. Mtu akibadilisha pampu kwa kuwa maji yametokea karibu na pampu, anakuwa amebahatisha kwa fedha ya mwenzake.

Fanya hivi. Jaza maji hadi usawa wake wa kawaida, weka alama kwa kipande cha tepu, kisha zima umeme wa jakuzi lote kwenye swichi kuu na uliache usiku kucha. Asubuhi pima yamepungua kiasi gani. Rejesha usawa uleule, washa pampu kwa muda unaolingana na ule, kifuniko kikiwa kimefungwa, upime tena. Yakipungua zaidi pampu ikiwa inafanya kazi, tundu lipo upande unaosukumiwa maji, yaani baada ya pampu kuelekea kwenye jeti, ile midomo inayorusha maji ndani ya bakuli. Ukiona jeti zinatoa viputo vya hewa ilhali vidhibiti vya hewa vimefungwa, chunguza upande wa kunyonya, kwa sababu bomba linalovuta maji likiwa na ufa huvuta na hewa.

Baada ya hapo zima tena, usiongeze hata kikombe cha maji, uyaache yashuke hadi yatakapogoma kushuka. Mahali yatakapokomea ndipo usawa wa tundu. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu hakigharimu chochote isipokuwa subira, na wenye majakuzi wengi hukikatiza njiani kwa kujaza maji kila yanapopungua.

Binti wa Kijenge

Samahani, ndugu zangu, mimi naona mnajitesa. Madukani kuna dawa ya maji inayomiminwa ndani ya jakuzi, ikazunguka na kuziba tundu yenyewe. Na hata usipoitumia, lita 90 kwa siku ni lita 2,700 kwa mwezi, kiasi ambacho nyumba yenye bustani inakimaliza bila mtu kulalamika. Kwa nini asiongeze maji tu?

Bomba Refu

Dada, hoja yako ni ya haki na inastahili hesabu. Kupasha lita 90 kutoka nyuzi 18 hadi 38 kunakula uniti 2 na kidogo za umeme, yaani uniti 60 na zaidi kwa mwezi, juu ya zile ambazo jakuzi linazitumia kwa kawaida. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba povu likishalowa halihifadhi joto tena, kwa hiyo hita inafanya kazi muda mrefu zaidi kutunza joto lilelile, na unyevu unaofungiwa ndani ya kasha hula bolti, fani za mota na viunganishi vya kadi ya umeme. Wengi wanaoahirisha uvujaji mdogo huja kuitengeneza pampu na kadi kabla hawajalitengeneza bomba.

Kuhusu dawa ya kumimina, siipingi moja kwa moja. Huweza kuziba ufa mwembamba kama unywele au kiungo kinachotoa jasho. Lakini lita 90 kwa usiku si jasho. Vilevile, anayeitumia sharti atoe chujio kwanza, la sivyo dawa itaziba chujio badala ya tundu, na baadaye aondoe maji yote na kusuuza mfumo. Kwangu mimi ni tiba ya mahali pasipofikika, baada ya kujua ni wapi, na si njia ya kukwepa kujua.

Mzee wa Sakiti

Vijana, kabla hamjaendelea naomba niingize neno la umeme. Swichi ya kwenye paneli ya jakuzi, ile ya kubonyeza kwa kidole, haikati umeme. Inaiambia kadi tu kwamba pampu isimame, huku nyaya za ndani zikiendelea kuwa hai. Zimeni breka ya jakuzi kwenye ubao mkuu, mhakikishe kwa tesita kwamba hakuna umeme kwenye nguzo za kadi, ndipo mkono uingie ndani ya kasha lenye maji.

Jakuzi ambalo halina RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, lisitumike hata kama halivuji. Na kifaa hicho kikianza kuruka siku zilezile ambazo maji yameanza kupungua, msipitishe umeme kando yake wala kukibadilisha kwa kikubwa zaidi ili kisisumbue. Kinawaambia kwamba unyevu umefika kwenye hita au kwenye mota. Nimeona nyumba ambapo RCD ilitolewa ili jakuzi liendelee kufanya kazi wikendi ya wageni, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Kaka wa Limuru

Nimefuata maelekezo haya kwa jakuzi letu la hapa Limuru, ambalo nalo hupungukiwa maji. Kwetu maji hayakugoma popote. Yaliendelea kushuka hadi chini ya jeti zote, na yangekwisha kama nisingeyarejesha. Pampu ina mchirizi mweupe na kutu chini yake, katikati ya mota na ile sehemu ya plastiki inayopitisha maji. Je, nako ni kubahatisha nikisema ni pampu?

Bomba Refu

Hapana, kaka, hapo una ushahidi wa aina mbili unaokubaliana. Pampu na hita hukaa karibu na sakafu, chini ya jeti, kwa hiyo tundu la huko huyaruhusu maji kushuka karibu yote. Mchirizi mweupe ni madini yaliyobaki maji yalipokauka, na mahali ulipouona ndipo sili ya shafti, kizuizi cha maji kwenye mhimili wa mota, huvujia.

Usinunue pampu nzima kabla hujaichunguza sili. Sili hiyo ina nyuso mbili zinazosuguana, moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zikibanwa na springi. Kwa kawaida huchakaa kwa sababu tatu: umri, maji yenye asidi, au pampu kuzungushwa bila maji. Hiyo ya tatu huiua kwa muda mfupi sana, kwa kuwa maji ndiyo yanayozipoza nyuso hizo.

Pampu nyingi zina vali ya kufunga kila upande, kwa hiyo zifunge zote mbili, fungua yunioni (viungo vya bomba vyenye nati ya kufungua) na uitoe pampu bila kumwaga maji ya jakuzi. Fungua bolti za sehemu ya plastiki, izuie shafti isizunguke kwa kuishika kwa nyuma ya mota, kisha ifungue impela, yaani panga linalosukuma maji. Mpira wa sili mpya ulowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo, usitumie grisi ya gari wala mafuta ya taa. Uso wa kauri usiuguse kwa kidole, na ukiugusa ufute kwa kitambaa safi, kwa sababu mafuta ya ngozi na chembe ya mchanga vinatosha kuacha njia ya maji. Chukua sili ya zamani uende nayo dukani, kwani zinafanana kwa macho lakini hutofautiana kwa kipenyo cha shafti na kwa kina cha kiti chake.

Wakati wa kurudisha, kagua oringi za yunioni, zile pete za mpira. Iliyobonyea ikawa bapa haifai tena. Zipake grisi ya silikoni, wala si vaselini, kwa sababu vaselini hutokana na mafuta ghafi na aina nyingi za mpira huvimba zikikaa nayo. Yunioni hukazwa kwa mkono. Anayeikaza kwa spana kubwa anaipasua nati ya plastiki, na ufa wake haujitokezi siku hiyo bali baada ya joto kupanda na kushuka mara kadhaa. Mwisho, ukifungua vali, legeza kidogo yunioni ya juu hadi hewa itoke na maji yaanze kuchuruzika, ndipo uikaze na kurudisha umeme. Pampu iliyoshika hewa huzunguka bila maji, na sili uliyoinunua leo itafuata njia ya mwenzake.

Mmeru wa Minnesota

Nawasalimu kutoka Minneapolis. Huku majakuzi yamejaa nyuma ya nyumba, na watu huyatumia zaidi wakati wa theluji. Uvujaji wa Januari ni adha nyingine kabisa, kwa sababu mtu hathubutu kuzima mfumo na kuacha maji yagome yenyewe kama alivyoelekezwa ndugu wa Njiro: joto la nje linaweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi, na maji yakisimama ndani ya mabomba yataganda na kupasua hata viungo vilivyokuwa vizima. Tunachofanya ni kuendelea kuongeza maji ya vuguvugu, kuweka kipasha joto kidogo chenye ulinzi ndani ya kasha la pampu, na kuahirisha upasuaji hadi hali ya hewa ilegee. Nyie mnaweza kupima kwa utulivu, shukuruni.

Niongeze jambo kwa wanaopanga kusafirisha jakuzi la huku ndani ya kontena kuja nyumbani. Majakuzi ya soko la Marekani hutumia volti 240 zinazotokana na nyaya mbili zenye umeme pamoja na nyutro, na baadhi ya vifaa vya ndani hutumia volti 120. Nyumbani tuna volti 230 kati ya waya mmoja na nyutro. Zaidi ya hapo, mota ya hezi 60 inayozunguka mara 3,450 kwa dakika hushuka hadi karibu 2,875 kwenye hezi 50. Msukumo wa jeti unapungua, na mota ambayo haikuundwa kwa hezi hizo hupata joto kupita kiasi. Mleta uzi alifanya vyema kupata lile la soko la Ulaya.

Mkazi wa Njiro

Wakuu, naleta majibu ya vipimo.

Umeme ukiwa umezimwa, maji yalishuka polepole kisha yakagoma kwenye usawa wa safu ya chini ya jeti za kiti cha nyuma, upande unaotazama uzio. Hayakushuka tena hata kwa unene wa ukucha. Pampu ikiwa imewashwa, yanapungua kwa kasi zaidi, na jeti hazitoi viputo vya hewa. Nilikausha sakafu ya kasha la pampu na kupaka poda ya watoto chini ya pampu, chini ya hita na chini ya kila yunioni, wazo ambalo fundi Bomba Refu alinipa kwa ujumbe wa faragha. Poda ya chini ya pampu na hita ilibaki kavu. Mchirizi ulitokea nyuma, ukipenya chini ya povu, ukafuata ukingo wa sinia hadi mlangoni.

Kwa hiyo fundi aliyetaka ninunue pampu na yule aliyetaka kunyanyua jakuzi lote, wote wawili naona wametoka nje ya kesi. Nimeelewa vema?

Bomba Refu

Umeelewa vema kabisa. Pampu na hita vipo chini ya usawa huo, vingevuja hadi mwisho. Sakafu ya bakuli nayo ingekuwa imepasuka, maji yasingegomea kwenye jeti. Tunalo eneo la futi chache za mraba.

Fungua paneli ya upande wa uzio. Usawa wa maji uwe juu kidogo ya safu ile ya jeti, pampu ikiwa imezimwa, ili tone liendelee kukuongoza. Povu litoe kwa mikono na kwa mwiko wa mbao, vipande vidogo vidogo. Mwenye haraka huchukua panga au msumeno, akaongeza tundu la pili kwenye lile alilokuwa akilitafuta. Povu lililolowa ni zito na lina rangi iliyokolea. Fuata ulowevu kuelekea juu, kwa sababu maji hayapandi. Ukifika kwenye bomba, lifute likauke, kisha tazama kwa tochi kila kiungo kwa zamu, ukikizungushia karatasi laini ya chooni. Karatasi itakuonyesha tone kabla jicho halijaliona.

Uwezekano ni wa aina tatu. Gaskiti, yaani mpira wa kuzuia maji kati ya mwili wa jeti na bakuli, inaweza kuwa imechoka, na hiyo hutengenezwa kwa kulegeza nati ya jeti, kusafisha pande zote na kuweka gaskiti mpya. Mwili wa jeti unaweza kuwa na ufa. Au ni kiungo cha bomba kilichoachia gundi. Usipake silikoni juu ya chochote kati ya hivyo. Silikoni haishiki PVC, plastiki ya mabomba haya, kwa kudumu, itastahimili maji yaliyotulia, halafu itaachia mara jeti zitakapowashwa. Baya zaidi, mabaki yake huizuia gundi halisi isishike baadaye.

Mjengo Unguja

Na jakuzi lililojengwa kwa zege na kuwekwa vigae, je? Langu linavuja pia, na fundi ameshauri kurudia udongo wa viungo vya vigae.

Bomba Refu

Hilo ni bwawa dogo, si mtambo wa kasha, na linahitaji uzi wake. Kwa ufupi, vigae na udongo wa viungo vyake havizuii maji. Kinachozuia ni tabaka lililopakwa chini yake. Kipimo cha kuyaacha maji yagome kinafaa hata kwako. Yakigomea penye mdomo wa bomba au taa, zima pampu, subiri maji yatulie, kisha dondosha rangi ya chakula karibu na mdomo huo uone kama inavutwa kwenye maungio ya plastiki na zege. Mara nyingi ndipo penye kosa.

Mkazi wa Njiro

Tumelipata. Nyuma ya jeti ya pili kuna kiungo chenye umbo la T kinachogawa maji kwenda kwenye safu yote, na bomba linaloingia hapo limewahi kukatwa na kuunganishwa upya zamani, kabla jakuzi halijafika kwetu. Aliyeunganisha alitumia kipande cha bomba la hapa nchini, akalipasha moto hadi likalainika, akalivuta juu ya bomba la asili na kulipaka gundi nyingi. Ukingo wa kipande hicho una ufa mwembamba, na maji yanachirizika humo. Povu limelowa kuanzia hapo hadi chini.

Nilipopima kwa kalipa, bomba la asili lina kipenyo cha nje cha milimita 60 na ushee, ilhali la dukani ni 63. Dukani wote wanaliita bomba la inchi mbili.

Bomba Refu

Hapo umegusa donda la kazi hii, na naomba wanaosoma wasipapite haraka.

Bomba la inchi 2 la vipimo vya Kimarekani lina kipenyo cha nje cha milimita 60.3. Bomba tunalouziwa hapa kwa jina hilohilo, lile la vipimo vya metriki, lina milimita 63. Vivyo hivyo, la inchi moja na nusu ni milimita 48.3, ilhali la metriki linalolikaribia ni 50. Tofauti ni ndogo kwa macho, ila gundi ya PVC haikuundwa kujaza pengo. Hufanya kazi kwa kuyeyusha nyuso mbili zinazogusana ili ziwe kitu kimoja. Pakiwa na nafasi ya milimita moja au mbili, kinachobaki ni utando wa gundi iliyokauka, ambao hauwezi kubeba msukumo.

Ndiyo maana mafundi wetu hukimbilia moto. Wamezoea kupanua ncha ya bomba juu ya mwali na kutengeneza soketi bila kununua soketi, na kwa maji baridi ya bustani kazi hiyo hudumu miaka. Kwenye jakuzi haidumu. Ukuta wa bomba lililovutwa umekuwa mwembamba, mara nyingi umeungua upande mmoja, halafu unapokea maji ya nyuzi 38 yanayosukumwa na pampu na mtikisiko kila siku. Sijui kama ninyi mmeona tofauti, lakini mimi katika majakuzi yaliyotoka nje nakutana na kiungo cha moto mara kwa mara kuliko bomba lililopasuka lenyewe.

Suluhisho ni kukata sehemu yote iliyoguswa na moto, pande zote mbili, hadi ufike kwenye bomba zima. Tafuta viungo vya inchi vya jakuzi lako, au adapta ya kutoka inchi 2 kwenda milimita 63, ambayo wauzaji wa vifaa vya mabwawa huwa nayo au huagiza. Pale ambapo nafasi haitoshi kuingiza bomba gumu, tumia bomba la PVC linalopinda, lile la kugundishwa, lenye kipenyo kilekile cha nje.

Kata wima na uondoe mabaki ya msumeno kwa kisu. Kausha kabisa, maji yakiendelea kudondoka kutoka juu, shusha usawa wa jakuzi, usiamini kitambaa. Jaribu vipande vikiwa vikavu na uweke alama ya kalamu kuonyesha bomba linapaswa kuingia kina gani. Paka dawa ya kusafishia na kulainisha, kisha gundi pande zote mbili, sukuma hadi mwisho ukizungusha robo mzunguko, na ushikilie kwa nusu dakika bila kuachia, kwa sababu kiungo kibichi hujisukuma nje chenyewe. Halafu kiache saa 24 kabla ya kukipa msukumo. Julai ya Arusha ina usiku wa baridi, na baridi huchelewesha gundi, kwa hiyo ukikiongezea muda hutapoteza kitu.

Binti wa Kijenge

Nakubali kwamba dawa yangu ya kumimina isingeweza ufa wa namna hiyo. Ila naomba kuuliza: maji ya Arusha yana floraidi nyingi, je, si ndiyo yanayokula mabomba?

Bomba Refu

Floraidi ya maji ya Arusha inajulikana kwa kuharibu meno na mifupa ya wanaoyanywa, lakini kwa bomba la PVC na sili haina neno. Kinachokula sili, gaskiti na hita ni maji yenye asidi, yaani pH inaposhuka chini ya 7, jambo linalotokea mtu anapotupia vidonge vya klorini bila kupima. Iwe kati ya 7.2 na 7.8. Na kwa kuwa jakuzi lenu limekaa na maji nusu kwa ajili ya vipimo, msiwaruhusu watoto kuingia hadi litakapojazwa upya na klorini kufikia angalau miligramu 3 kwa lita. Maji ya vuguvugu yaliyosimama bila dawa ni makazi ya bakteria, akiwemo Legionella anayeshambulia mapafu kupitia mvuke wa jeti.

Mkazi wa Njiro

Kazi imefanyika. Adapta hazikupatikana Arusha, zikaagizwa Nairobi, lakini bomba linalopinda lilipatikana. Sehemu ya moto imekatwa yote, na kiungo cha T kimebadilishwa pamoja na vipande viwili vya bomba. Baada ya gundi kukauka tulijaza hadi juu ya jeti zile pampu ikiwa imezimwa, karatasi ikabaki kavu. Tukajaza kabisa, tukatoa hewa kwenye yunioni, tukawasha pampu kwa mwendo mdogo kisha mkubwa. Kavu. Kupasha maji kutoka baridi hadi nyuzi 38 kwa hita ya kilowati 3 kulichukua zaidi ya saa 9, na mita ilikula uniti 28 na ushee, jambo ambalo linanifanya nisitamani kulimwaga tena kwa wepesi.

Tepu ya alama imebaki mahali pake tangu wakati huo na maji hayajaondoka hapo. Limebaki swali moja. Shimo tulilochimba kwenye povu ni kubwa, na povu lililozunguka bado lina unyevu. Je, tunyunyize povu jipya sasa, ili joto lisipotee, au tusubiri?

Bomba Refu

Subirini. Povu likinyunyizwa juu ya ulowevu halishiki, na unyevu uliofungiwa ndani hautatoka tena. Ng'oeni lile lililolowa hadi mfikie kavu, acheni paneli wazi mchana na muweke feni ipulizie humo, umeme wake ukitoka mbali na eneo la maji. Usiku ingizeni blanketi kuukuu la sufu ndani ya mfuko wa plastiki, mlikandamize kwenye shimo, mrudishe paneli. Linahifadhi joto vya kutosha kwa kipindi hiki, na asubuhi mnaweza kulitoa mkakitazama kiungo.

Jakuzi litumieni kama kawaida kwa wiki chache, watu wakiwa ndani, maana uzito wao na kupanda na kushuka kwa joto ndiko kunakojaribu kiungo kuliko maji yaliyotulia. Kikibaki kikavu, jazeni povu jipya, ila si kukizika kile kiungo cha T. Kikateni kipande cha povu bapa la ujenzi, mkiweke mbele yake kama mlango wa kutolewa kwa mkono, na mwandike kwa kalamu nyuma ya paneli kwamba viungo vya hapo ni vya milimita 60.3.